Mwanangu ni mdakaji wa besiboli: ligi ndogo zitamfikisha wapi?

Swali: "Tunaishi Dayton, Ohio, tulifika hapa kutoka Uvira kupitia kambi ya Nyarugusu. Mwanangu Amani ana miaka 18, anamaliza sekondari, na kwenye besiboli anacheza nafasi ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Skauti, yaani mtafuta vipaji, wa klabu moja ametuambia anaweza kuchaguliwa kwenye drafti ya Julai, ile zamu ya klabu kuchagua wachezaji wapya. Wakati huohuo chuo kimoja kimemkubali na kitalipa nusu ya ada. Baba yake anasema ligi ndogo, zile za chini ambako klabu kubwa huwakuza vijana, ni kazi ya kibarua. Amani anasema ndiyo njia ya Ligi Kuu, na kwamba wadakaji ni adimu, kila klabu inawatafuta. Nani anasema kweli? Wanalipwa nini, wanaishi vipi, na mwisho wao huwa wapi? Nina hofu pia na magoti yake." Mama Amani, Dayton.

Mama Amani, salamu kwako na kwa Baba Amani. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake. Wadakaji wanatafutwa, hilo halina ubishi. Na wengi wao huajiriwa kama vibarua, hata kama hakuna atakayewaambia hivyo usoni. Mambo hayo mawili yana sababu moja, na ukishaielewa utaweza kuupima mkataba wowote utakaowekwa mezani kwenu.

Sababu ni warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Timu moja ya ligi ndogo hubeba warushaji kumi na watatu au zaidi, na hao ndio mali ambayo klabu inailinda usiku na mchana. Mrushaji hawezi kufanya kazi peke yake. Akipasha mkono moto anahitaji mtu wa kumdakia, akijaribu mtindo mpya wa kuuzungusha mpira anahitaji mtu wa kumdakia, akirudi kutoka kwenye upasuaji wa kiwiko anahitaji mtu mvumilivu wa kumdakia. Mwezi wa Machi, klabu zote zinapopiga kambi Florida na Arizona, warushaji wa klabu moja huwa makumi kwa makumi, na wote wanataka kurusha asubuhi ileile. Kwa hiyo klabu husajili wadakaji wengi kuliko inaokusudia kuwapandisha. Inawahitaji, tena sana. Lakini kumhitaji mtu leo si sawa na kumwandalia kesho yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Kijana anaweza kusajiliwa kwa ajili yake mwenyewe, au akasajiliwa kwa ajili ya mikono ya wengine. Jezi ni ileile, chumba cha kubadilishia nguo ni kilekile, na kocha atampigapiga bega vilevile. Tofauti huonekana polepole, na mara nyingi mchezaji ndiye wa mwisho kuiona.

Alama ya kwanza ni pesa ya kusaini. Drafti ina raundi 20. Katika raundi kumi za kwanza kila nafasi ina thamani iliyopangwa, na jumla ya thamani hizo ndiyo bajeti ya klabu; kuanzia raundi ya 11 klabu inaweza kumpa mchezaji hadi dola 150,000 bila kuigusa bajeti hiyo. Mdakaji aliyepewa dola laki tano atavumiliwa. Akipiga vibaya mwezi mzima bado atapangwa, kwa sababu ofisini yupo mtu aliyeweka sahihi na hataki kuonekana amekosea. Aliyesaini kwa dola elfu kumi hana mtetezi wa namna hiyo. Ndiyo maana nawaambia wazazi waache kuuliza "atachaguliwa?" waanze kuuliza "atachaguliwa raundi ya ngapi, kwa kiasi gani?"

Alama ya pili ni siku anazocheza. Mechi za ligi ndogo siku hizi hupangwa sita kwa wiki dhidi ya timu moja, Jumanne hadi Jumapili, Jumatatu mapumziko. Mdakaji ambaye klabu inamkuza atadaka mechi tatu au nne kati ya hizo, na siku nyingine huenda akapangwa kupiga tu ili fimbo yake isipoe. Yule wa aina ya pili atapata mechi moja, pengine ya Jumapili mchana juani, na siku zilizobaki atakuwa kule pembeni ambako warushaji hupasha moto, akidaka mipira ambayo haihesabiwi popote.

Alama ya tatu huwapotosha wengi: usidanganyike na ngazi. Ngazi za ligi ndogo kutoka chini ni timu za wanaoanza, halafu Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, hatua moja tu chini ya Ligi Kuu. Mdakaji wa Triple-A akivunjika kidole, klabu haitamkatizia masomo yule kijana wake wa thamani anayejifunza kwenye Double-A. Itampandisha kibarua. Atakaa huko wiki mbili, atacheza mechi mbili, kisha atarudishwa High-A au hata chini zaidi. Nyumbani mtasherehekea, "Amani yuko Triple-A!", na kwenye karatasi ni kweli. Mfikirie kipa wa tatu wa Simba au Yanga: anasafiri na timu, analipwa, kila mazoezi anapigiwa mashuti mamia, na washambuliaji wanakuwa hodari kwa jasho lake. Siku kipa wa kwanza akiuzwa, klabu inanunua mwingine.

Najua Amani atakutajia Mike Piazza. Wote humtaja. Klabu ya Dodgers ilimchukua mwaka 1988 katika raundi ya 62, mchezaji wa 1,390 kuchaguliwa, kama hisani ya kocha Tommy Lasorda aliyekuwa rafiki wa baba yake. Wakamgeuza mdakaji, na mwaka 2016 akaingia kwenye Jumba la Heshima la besiboli akiwa na rekodi ya wadakaji ya kupiga mipira ikavuka ukuta wa uwanja, mara 396. Hadithi nzuri sana, na ni ya kweli. Ila raundi ya 62 haipo tena. Mwaka 2021 ligi ndogo zilipangwa upya, timu zilizofungamana na klabu kubwa zikapungua kutoka 160 hadi 120, nne kwa kila moja ya klabu 30. Kuanzia 2024 klabu hairuhusiwi kuwa na wachezaji zaidi ya 165 wa ligi ndogo ndani ya Marekani. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 180. Nafasi za kubahatisha ndizo zilizokatwa, na kina Piazza walitokea humo.

Sasa kazi yenyewe, kwa sababu nadhani Baba Amani anaiona kama mchezo tu wa kuchuchumaa.

Mechi ikianza saa moja usiku, mdakaji yuko uwanjani mchana. Kwanza anakaa na kocha wa warushaji kupitia wapigaji wa timu pinzani: huyu anahangaika na mpira wa juu, huyu usimpe wa polepole mara mbili mfululizo. Kisha anamdakia mrushaji ambaye leo hachezi lakini ni siku yake ya mazoezi. Kisha anafanya mazoezi yake mwenyewe ya kudaka, ya kuziba mpira unaodunda chini, ya kurusha. Kisha anapiga. Kisha anampasha moto mrushaji wa leo. Mechi ikianza tayari amefanya kazi ya siku nzima, na sasa ndiyo anavaa kinga ya uso, bamba la kifua na vikinga vya miguu. Timu moja hurusha mipira 140 hivi kwa mechi, kila mmoja kutoka umbali wa mita 18.44, mingi kwa kasi inayozidi kilomita 145 kwa saa, na kila mmoja yeye yuko chini. Fanya hivyo Julai kwenye ligi ya Florida, unyevu ukiwa kama wa Tanga mwezi wa Machi, kisha panda basi.

Anachokiona mtazamaji ni mkono. Mkimbiaji akijaribu kuiba besi ya pili, yaani kukimbilia kituo cha pili bila kusubiri mpira upigwe, mdakaji anatakiwa ainuke na kurusha mita 38.8, na kuanzia mpira unapogonga glavu yake hadi unapogonga glavu ya mwenzake kule zisipite sekunde mbili. Wale wa Ligi Kuu wenye sifa hufanya kwa 1.9. Tangu 2023 ufundi huu umepanda bei, kwa sababu besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18 na mrushaji akawekewa kikomo cha mara anazoweza kurusha besini kumzuia mkimbiaji asisogee mbele, kwa hiyo wanaiba zaidi. Skauti aliyekuja kwenu bila shaka alikuwa na saa mkononi. Muulize alisoma namba gani, si siri.

Lakini kinachomwinua au kumzamisha mdakaji hakiko mkononi. Kiko kichwani na mdomoni. Yeye ndiye anayependekeza kila mpira uwe wa namna gani na upite wapi, zamani kwa vidole kati ya mapaja, sasa kwa kubonyeza kifaa kinachomnong'oneza mrushaji sikioni. Ligi Kuu ilikiruhusu mwaka 2022. Na afanye haraka, maana kuna saa inayohesabu. Awajue warushaji wote kumi na zaidi, nani akikaripiwa anaamka na nani akikaripiwa anavunjika. Mmoja ametoka chuo cha Texas, mwingine ametoka kijiji cha Jamhuri ya Dominika akiwa na miaka 16, mwingine ni Mvenezuela asiyejua Kiingereza. Mdakaji asiyezungumza Kihispania ana pengo kubwa. Hapa Amani, aliyekulia kwenye Kiswahili na Kifaransa cha nyumbani na Kiingereza cha shule, ana faida ambayo pengine skauti hakuiandika. Aanze Kihispania leo, tena asiishie kwenye matusi ya uwanjani. Ajifunze hadi aweze kumtuliza mtu aliyeruhusu mipira mitatu kuvuka ukuta mfululizo.

Kuna ufundi mmoja uliolipa sana kwa miaka kumi na zaidi iliyopita: kuudaka mpira uliopita kandokando kwa utulivu kiasi cha kumfanya mwamuzi auhesabu kuwa ni straiki, yaani mpira halali unaomhesabia mpigaji kosa. Wadakaji waliopiga vibaya kabisa walikaa Ligi Kuu miaka kwa ufundi huo tu. Sasa bei yake inashuka. Mashine za kupima mpira zimejaribiwa kwenye ligi ndogo, zikafika viwanja vyote vya Triple-A mwaka 2023, na kuanzia msimu wa 2026 Ligi Kuu inaruhusu mpigaji, mrushaji au mdakaji kuupinga uamuzi papo hapo kwa kujigonga kichwani. Timu ina nafasi mbili za kupinga, ikishinda hoja haipotezi nafasi. Kwa hiyo kumlaghai mwamuzi kutalipa kidogo kuliko zamani, na kujua kwa yakini mpira umepita wapi kutalipa zaidi. Warushaji hujiona wanaonewa kila mpira. Mdakaji ndiye mwenye jicho. Kijana wa miaka 18 anayeanza leo ajifunze kuona kwanza, maigizo ya glavu yafuate.

Pesa. Hapa Baba Amani ana taarifa za zamani kidogo, na si kosa lake, kwa sababu hali ilikuwa ya aibu hadi juzi. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaondoa wachezaji wa ligi ndogo kwenye ulinzi wa kima cha chini cha mshahara. Wachezaji walilala sita kwenye nyumba ya vyumba viwili, magodoro sakafuni. Walikuwa wamefungua kesi tangu 2014, na ikamalizwa mwaka 2022 kwa klabu kukubali kulipa dola milioni 185. Mwaka huohuo wakajiunga na chama cha wachezaji wa Ligi Kuu, na mkataba wa pamoja wa 2023 ukabadilisha mambo. Kima cha chini kwa mwaka kilipanda kutoka dola 4,800 hadi 19,800 kwa timu za wanaoanza, Single-A kutoka 11,000 hadi 26,200, High-A, kama hao Dragons wenu wa Dayton, 27,300, Double-A 30,250, Triple-A 35,800. Klabu inatoa malazi, na kwenye ngazi mbili za juu mchezaji ana chumba chake.

Hizo si pesa za kujengea nyumba Uvira. Ghala la hapo Dayton linaweza kumlipa zaidi. Ni pesa za kijana asiye na familia, basi. Lakini tazama kinachotokea juu kidogo. Kima cha chini cha Ligi Kuu kwa msimu wa 2024 kilikuwa dola 740,000, na hulipwa kwa siku: karibu dola 4,000 kila siku unapokuwa kwenye kikosi. Mdakaji wa Triple-A akiitwa kuziba pengo kwa siku kumi tu amepata zaidi ya mshahara wake wa mwaka. Akifikisha siku 43 katika maisha yake yote, ana haki ya pensheni ya Ligi Kuu. Sasa utaelewa kwa nini wanaume wa miaka 31 wenye watoto wanabaki Triple-A wakidaka mpira. Wanasubiri kidole cha mtu kivunjike. Si kwamba ni watu wabaya, ndivyo hesabu ilivyo. Zamani Septemba ilikuwa mwezi wao, maana kikosi kiliruhusiwa kupanuka hadi wachezaji 40 na kila klabu iliongeza mdakaji wa tatu. Tangu 2020 kikosi cha Septemba ni 28, na wengi hawamwiti tena.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini wapo iliowalipa. Erik Kratz alichaguliwa mwaka 2002 katika raundi ya 29, akafika Ligi Kuu Julai 2010 akiwa na miaka 30, na mwaka 2018, akiwa na miaka 38, alikuwa akidaka mechi za mtoano kwa Milwaukee. Chris Coste alianzia kwenye ligi huru, zile zisizofungamana na klabu kubwa. Akazunguka miaka mingi, akaingia Ligi Kuu mwaka 2006 akiwa na miaka 33, na miaka miwili baadaye akawa bingwa na Philadelphia. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini hakuwa mdakaji, lakini Waafrika tunapaswa kuijua safari yake: alisaini na Pittsburgh mwaka 2008, akawa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kucheza Ligi Kuu tarehe 26 Aprili 2017. Weka miaka hiyo kwenye vidole vyako, Mama Amani. Huo ndio urefu wa njia kwa aliyefika.

Amani huenda ameziona pia video za Dennis Kasumba, yule Mganda anayefanya mazoezi na matairi ya gari, naye ni mdakaji. Mwaka 2023 alifika Maryland kuchezea Frederick Keys kwenye ligi ya kuonyesha vipaji kabla ya drafti. Kijana ana bidii inayonyamazisha watu. Ila ligi ile ni dirisha la kuonwa, si ligi ndogo, na macho ya mamilioni kwenye simu hayakugeuka kuwa jina kwenye drafti. Skauti anatazama saa na fimbo.

Na wasiofika? Wengi hawafiki, na wengi wao hukatwa kwa maneno machache asubuhi moja ya Machi kwenye ofisi ya kocha. Wengine huenda ligi huru kama American Association au Frontier, wengine Mexico. Wapo wanaogeuzwa. Kenley Jansen wa Curaçao alikuwa mdakaji wa Dodgers mwenye mkono wa ajabu na fimbo isiyopiga. Mwaka 2009 alidakia Uholanzi kwenye mashindano ya dunia, katikati ya mwaka huohuo Dodgers wakamtoa nyuma ya mpigaji wakamfanya mrushaji. Mwaka mmoja baadaye alikuwa Ligi Kuu, na leo ameingia mwishoni akalinda ushindi kwenye mechi zaidi ya 400. Ikiwa Amani ana mkono wa namna hiyo na klabu ikamwambia arushe, asilie.

Njia nyingine ni ile inayonifanya nisiwabeze hao vibarua. Mtu aliyekaa miaka mitano pembeni akiwadakia warushaji wa watu amejifunza besiboli yote. Amesikia kila kocha anavyozungumza, ameona kila namna mkono unavyochoka. Jim Leyland alikuwa mdakaji kwenye ligi ndogo za Detroit miaka ya sitini, wastani wake wa kupiga ni .222, yaani hakufanikiwa hata mara moja kati ya nne, hakuvuka Double-A. Akaanza kufundisha timu za chini kabisa mwaka 1971, akakaa humo misimu kumi na moja, akaja kuwa kocha mkuu Ligi Kuu, akatwaa ubingwa wa 1997 na Florida, na mwaka 2024 akaingia Jumba la Heshima. Joe Maddon, mdakaji wa Angels ambaye hakuvuka Single-A, ndiye aliyewapa Chicago Cubs ubingwa wa 2016 waliousubiri miaka 108. Ukipita kwenye viwanja vya ligi ndogo leo utakuta makocha wengi waliokuwa wadakaji, na kila klabu kubwa inaajiri mdakaji wa mazoezini ambaye hachezi mechi hata moja. Kazi hizo huwaendea waliokaa vizuri na watu. Basi hata kibarua ana mahali pa kwenda, akikubali mapema kwamba fimbo yake haitamfikisha.

Mnataka niseme: chuo au drafti? Nitasema.

Akienda chuo cha miaka minne, hawezi kuchaguliwa tena hadi amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Akisaini sasa, milango ya kuchezea chuo besiboli imefungwa, na akisaini akiwa na miaka 18 klabu inammiliki misimu saba kabla hajawa huru kwenda kwingine. Akisaini akiwa na 19 au zaidi ni sita. Wadakaji wa sekondari ndio watu ambao klabu huwaogopa zaidi kwenye drafti, kwa sababu kazi ina mambo mengi ya kujifunza na mwili bado haujakomaa. Wengi hutolewa kabla hawajaiva. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama pesa ya kusaini haifiki mahali ambapo klabu itaona aibu kumtupa, aende chuo. Kwa mchezaji wa raundi za mwisho mwenye dola elfu kumi au ishirini mkononi, nusu ya ada ya chuo ni mali zaidi. Kuna dosari moja: kwenye vyuo vingi kocha ndiye anayeita kila mpira kutoka benchi, na mdakaji anabaki kutekeleza. Muulizeni kocha wa chuo swali hilo kabla ya kumshukuru.

Ikiwa klabu italeta kiasi cha maana na Amani akaamua kusaini, dai jambo moja liandikwe ndani ya mkataba: mpango wa klabu kumlipia chuo baadaye. Upo, ni wa kawaida, na wachezaji wengi husaini bila kuujua au kwa kiasi kidogo kwa sababu hakuna aliyeuliza. Taja miaka mingapi ya masomo na dola ngapi kwa kila mwaka, kwa bei ya chuo chenyewe mlichokikataa. Na kumbuka masharti: lazima aanze masomo ndani ya miaka miwili tangu aache kucheza, la sivyo haki inapotea. Kuhusu wakala, msimruhusu mtu yeyote kuzungumza na klabu kwa niaba yenu kabla hamjaiuliza ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za michezo. Neno moja lisilo mahali pake linaweza kumwondolea sifa ya kuchezea chuo.

Skauti akirudi, mkaribisheni chai, kisha muulizeni hivi: kwenye ngazi atakayoanzia Amani, wadakaji wengine wa klabu ni kina nani, na walisaini kwa kiasi gani? Akijibu kwa majina na namba, anazungumza nanyi kwa heshima. Akianza kusema jinsi klabu "inavyohitaji sana wadakaji," mmeshajua anamhitaji kwa ajili ya nani.

Magoti, nimalizie na hayo. Hofu yako ina msingi, lakini mambo yamebadilika. Wadakaji wengi sasa hukaa goti moja chini badala ya kuchuchumaa kwa miguu yote miwili mechi nzima, na hilo huenda limepunguza mzigo. Kugongana na mkimbiaji anayekuja kwa kasi kumewekewa mipaka tangu 2014, baada ya Buster Posey kuvunjika mguu mwaka 2011. Mimi ningeogopa zaidi kichwa. Mpira unaochongwa kidogo na fimbo humpiga mdakaji kwenye kinga ya uso kwa kasi yake yote, na mtikisiko wa ubongo hauonekani kama goti lililovimba. Joe Mauer wa Minnesota, mmoja wa wadakaji bora wa kizazi chake, aliacha nafasi hiyo baada ya mtikisiko wa 2013 akahamia besi ya kwanza. Vijana wa ligi ndogo huficha dalili kwa sababu wanajua yuko mwingine anayesubiri kidole chake kivunjike. Mwambie Amani, wewe na baba yake pamoja, kwamba akipigwa kichwani na taa zikamuumiza macho atoke uwanjani siku hiyohiyo, na kwamba nyumbani hakuna atakayemuuliza amepoteza nini. Mto wa sponji wa kufungwa nyuma ya vikinga vya miguu unauzwa kwenye maduka ya michezo; wapo wanaoutumia kwenye mazoezi ya kila siku. Kwa kichwa hakuna kifaa cha kutosha, na kinga ya uso iliyopinda hata kidogo ibadilishwe, isipigwe nyundo.